Kuvumwani ya Java kwenye tangi la samaki: wengi huiua kwa kuihudumia mno

"Mwani ni mwani tu." Hilo utalisikia sana, na si ajabu kwenye kisiwa cha Unguja, ambako watu wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani wa biashara tangu 1989. Lakini chukua kipande cha mwani wa pwani ukitie kwenye tangi la gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, nyumbani, na baada ya siku chache utabaki na uji unaonuka. Mwani wa baharini hauishi bila maji chumvi. Kuvumwani ya Java (kwa Kiingereza Java moss) si mwani: ni mmea wa maji matamu na mahali penye unyevunyevu, asili yake Asia ya Kusini-Mashariki. Jina lake la kitaalamu ni *Taxiphyllum barbieri*, ingawa kwa miaka mingi iliuzwa kama *Vesicularia dubyana*, kwa hiyo ukikutana na jina hilo la pili dukani usidhani umebadilishiwa mzigo. Maji ya kisima yenye chumvichumvi kidogo huyavumilia. Maji ya bahari, hapana.

Wapo pia wanaobandua kuvumwani ile ya kijani inayoota kwenye kuta za Mji Mkongwe wakati wa masika, wakaizamisha tangini. Ni jamaa, lakini imezoea kuishi hewani, na ikikaa chini ya maji mara nyingi huoza.

"Itie kwenye mchanga wenye rutuba ishike mizizi." Mizizi gani? Haina. Ina vinyweleo vya kujishikizia tu, na chakula inakinyonya kwa vijani vyake moja kwa moja kutoka kwenye maji. Ukiifukia mchangani unaizika. Tandaza tabaka jembamba juu ya jiwe au kipande cha gogo, ufunge kwa uzi au kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, kisha uiache. Baada ya wiki kadhaa itakuwa imejishika yenyewe. Neno la kuzingatia hapo ni *jembamba*. Mtu akifunga bonge kubwa ili lionekane zuri siku ile ile, nje litabaki kijani na ndani litageuka kahawia, kwa sababu mwanga haufiki na maji hayapiti. Libonyeze kwa vidole uone tope linavyotoka.

Gogo la kuokota ufukweni liloweke kwanza, ukibadilisha maji mpaka chumvi iishe. Jiwe la matumbawe halina ubaya kwa kuvumwani, ila hufanya maji yawe magumu zaidi. Na maji ya visima vyetu, yanayopita kwenye mawe ya chokaa, tayari ni magumu: tazama ule ukoko mweupe ndani ya birika. Gapi hawalalamiki kwa hilo, lakini wapo samaki wengine wasiopenda maji ya namna hiyo.

Sasa dhana potofu kubwa kuliko zote: "Mmea bila jua hauendi." Ndiyo maana tangi linawekwa dirishani, au barazani kabisa, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Kuvumwani ya Java inaridhika na mwanga hafifu. Anayeshangilia jua kali ni ukoga wa kijani, na baada yake ule mwani wa nyuzi kama nywele. Nyuzi hizo zikishajisokota ndani ya kuvumwani huwezi kuzichambua bila kuing'oa na yenyewe. Utakaa na kibano jioni nzima, na mwisho utakata nusu utupe. Weka tangi mbali na dirisha, washa taa ndogo ya LED kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku, basi. Umeme ukikatika kutwa nzima, mmea hautajua. Wa kuwahurumia ni samaki, maana pampu ya hewa imesimama.

Mbolea nayo ni vivyo hivyo. Kinyesi cha samaki kinatosha, na gesi ya kaboni dioksidi ya mtungi, ambayo wengine huwapa mimea ya tangini, si lazima. Kuna wenye busara zao wanaotia chembe za urea ya shamba. Urea ndani ya tangi huishia kuwa amonia, na amonia inaua samaki kabla mmea haujafaidi kitu.

"Ni mmea wa nchi za joto, kwetu hautapata tabu" ni kweli nusu. Unavumilia, lakini unapendelea maji yasiyozidi nyuzi 25 hivi, na yakipita 30 unadumaa na kuanza kuwa kahawia kwenye ncha. Miezi ya kaskazi ndiyo ya kuangalia. Feni ikipuliza juu ya maji yaliyo wazi huyapoza nyuzi kadhaa. Kwa kuwa maji yatapungua haraka, jazia kwa maji ya mvua ukiyapata safi, kwani yanayofuka huacha chumvi na chokaa nyuma. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuyamimina.

Wanaosema kuvumwani inasafisha tangi kwa hiyo maji hayabadilishwi, hawa sina la kuwaambia zaidi ya kwamba inakua polepole mno kubeba kazi hiyo. Faida yake ya kweli ni maficho: vifaranga vya gapi hujichimbia humo mama zao wasiwale, na kamba wadogo hushinda humo wakidonoa.

Ikijaa, ipunguze kwa mkasi huku umezima filta, kisha okota vipande vyote kwa kichujio, kwa sababu kila kipande kidogo kinaweza kuota upya. Ndiyo maana mabaki hayamwagwi kwenye Mto Mwera, wala kwenye vijito vya Pemba, wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndipo uyatie kwenye taka.