Sentensi ya Kihispania usiipitishe kwenye Kiingereza

Nafundisha Kihispania, na wanaoanza karibu wote wanapitia Kiingereza kwanza, kila sentensi inaanza na "yo" (mimi), yo hablo, yo como, yo vivo, wakati mtu wa Kiswahili huo mzunguko hauhitaji kabisa. Sisi tukisema "ninaongea" ile ni- imeshasema nani anaongea, "mimi" ya nini tena? Kihispania ndo hivyo hivyo, ila nafsi inakaa mkiani: hablo ninaongea, hablas unaongea, habla anaongea, hablamos tunaongea, hablan wanaongea. Yo unaiweka ukitaka kusisitiza, yaani mimi, sio yule.

Kukanusha ni "no" mbele ya kitenzi, basi: no hablo, siongei. Kuuliza unapandisha sauti tu, ¿hablas español?, na kwenye kuandika ile alama iliyopinduliwa mwanzoni ni lazima.

Sasa yambwa, yaani yule au kile kinachotendewa, hapa ndo panapowachanganya watu bure. Nakupenda ni te quiero. Te iko kabla ya quiero kama ku ilivyo kabla ya penda. Sikuoni? No te veo, kipande kwa kipande: no inakanusha, te ndo ku, veo ni kuona pamoja na nafsi yake. Aliyepitia Kiingereza atasema "veo te" na hapo keshakosea. Alafu tazama hii. Naona nyumba ni veo la casa, lakini mtu je? Huwezi kusema "naona Maria" ukaachwa, utarekebishwa papo hapo, namwona Maria. Kihispania nacho kinataka mtu atofautishwe na kitu: veo a María. Hiyo a inakaa kwenye nomino, sio ndani ya kitenzi kama m- yetu, ila sikio lako limeshazoea kudai kitu hapo, kwa hiyo ukiisahau utahisi sentensi ina pengo.

Upatanisho usikutishe, umekulia kwenye ngeli kibao na hapa ziko mbili tu, ya kiume na ya kike: la casa blanca (nyumba nyeupe), las casas blancas (nyumba nyeupe nyingi). Nomino nyingi za -o ni za kiume na za -a ni za kike lakini kuna la mano (mkono, ya kike), kuna el problema (tatizo, ya kiume), so kila nomino ikariri na el (ya kiume) au la (ya kike) yake tangu siku ya kwanza, tafadhali.

Alafu ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa". Soy ni ya ser: soy de Lamu, mimi ni wa Lamu. Estoy ni ya estar: estoy en Lamu, niko Lamu. Ni na -ko, unazo tayari! Estar inabeba pia hali ya sasa hivi ambayo sisi mara nyingi tunaisema kwa -me-: estoy cansada, nimechoka (mwanaume atasema cansado), el café está frío, kahawa imepoa. Lakini el café es bueno, hapo unaisifia kahawa yenyewe, hata kama hiyo ya kwenye kikombe imeshapoa.