"Imezimwa" ni Neno Nisiloliamini

Watu wanaopanda vilima vya Riat, Kisumu, kutazama ziwa wakinikuta chini ya mnara wa redio huniuliza swali lilelile: fundi, hayo mawimbi ya redio hayatakumaliza? Mimi kilichokaribia kunimaliza ni neno "imezimwa".

Alilitamka kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi. Stima ilikuwa imepotea ghafla, mvua ya alasiri inakuja kutoka ziwani, nasi tukaona hiyo ndiyo nafasi ya kufungua kabati la mtambo wa kurushia matangazo. "Mzee, imezimwa." Nikamuuliza ufunguo wa jenereta uko kwa nani. Kabla hajanijibu, jenereta ikajiwasha yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya, na feni za mtambo zikaanza kuvuma. Swichi ya mlango, ile inayokata umeme kabati likifunguliwa, fundi fulani aliyetutangulia alikuwa ameifunga kwa waya ili isimsumbue. Mkono wangu ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye valvu, kifaa kinachokuza nguvu za mawimbi.

Tangu siku hiyo nafunga swichi kuu kwa kufuli, ya stima na ya jenereta, na funguo zinakaa mfukoni mwangu. Si mezani, wala si kwa mlinzi.

Hata hapo bado. Mtambo wa valvu hutumia volti elfu kadhaa, na kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, hubaki zimejaa baada ya kila kitu kunyamaza. Piga hesabu: kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye volti 8,000 imebeba jouli 320. Mashine ya kushtua moyo hospitalini huishia karibu jouli 360, na huko daktari anachagua pa kuiweka. Kuna rezista ya kumwaga chaji hiyo, lakini rezista nayo hukatika bila kumwambia mtu. Kwa hiyo tunatumia fimbo ya ethi, ya kumwaga umeme ardhini: mpini usiopitisha umeme, ndoana ya shaba, na waya mnene uliofungwa kwenye ethi kabla ya jambo lolote. Gusa kila kapasita, kisha iache ndoana ikining'inia hapo hadi umalize kazi. Wengi hugusa mara moja na kuiondoa, hawajui kwamba kapasita kubwa inaweza kujirudishia sehemu ya chaji ikiachwa peke yake.

Mitambo ya siku hizi, ya transista badala ya valvu, hutumia takriban volti 50, basi vijana huidharau. Lakini mtambo wa kilowati 5 huvuta zaidi ya ampea 100 kwenye volti hizo. Pete ya ndoa ikigusa nyaya mbili hapo, itayeyuka kidoleni. Mimi yangu huiacha nyumbani, na mke wangu alishazoea.

Sasa mawimbi, maana si kwamba hayana neno. Kwenye megahezi 100, wimbi la FM lina urefu wa mita 3, na mwili wa mtu mzima hunyonya nguvu za masafa hayo ya FM zaidi kuliko za masafa mengine mengi. Miongozo ya kimataifa inamruhusu mwananchi wati 2 kwa mita mraba, fundi aliyefunzwa wati 10. Barabarani chini ya mnara huwa uko mbali sana na viwango hivyo. Juu, mbele ya antena, mambo ni mengine: joto huingia ndani ya nyama kabla ngozi haijalalamika, na ukigusa chuma chenye mawimbi unaungua kidonda kidogo cheupe chenye kina kirefu.

Na mnara mmoja hubeba vituo kadhaa. Umezima chako, unapanda, unapita sentimita chache kando ya antena ya jirani inayorusha taarabu kwa nguvu zote. Ndiyo maana kabla ya kupanda napigia simu kila kituo kilichoko juu yangu, naandika daftarini jina la aliyepunguza nguvu na saa aliyofanya hivyo, kisha navaa kipimo cha mawimbi kifuani. Kikilia, nashuka. Mingurumo ikisikika upande wa Kakamega, nashuka pia, hata kama imebaki nati moja.

Yule kijana sasa ana mnara wake wa kuhudumia. Juzi alinipigia simu akiwa kazini, nikamuuliza kama imezimwa. Akatikisa funguo karibu na simu.