Nyasi Zilizokatwa kwa Mashine na Hatari Yake kwa Farasi

Wengi humtupia farasi nyasi walizokata bustanini kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba mnyama anayeshinda akila majani hawezi kudhuriwa na majani. Ukweli ni kwamba nyasi iliyosimama malishoni na nyasi iliyokatwakatwa ikarundikwa ni vitu viwili tofauti. Tia mkono katikati ya lundo lililokaa saa chache: utahisi joto, na harufu ya uchachu itakufikia kabla hujainama. Lundo hilo likiliwa, uchachu huendelea katika utumbo mpana, ambamo bakteria humeng'enya chakula cha farasi. Gesi hujaa, na tumbo husokota vibaya, hata kuua. Farasi hawezi kutapika, hivyo alichokwisha kumeza hakina njia ya kurudi. Isitoshe, sukari nyingi ya nyasi changa ikifika katika utumbo huo kwa mkupuo huweza kuchochea uvimbe wa ndani ya kwato, maumivu ambayo mwenye farasi aliyewahi kuyaona hayasahau.

Wapo wanaosema kwamba zikitoka mashineni mbichi hazina neno. Hapa ndipo watu wengi waangalifu hukosea. Akiwa malishoni, farasi hung'oa majani kidogo kidogo na kuyatafuna kwa saa nyingi, huku mate yakiyalainisha. Vipande vifupi vya mashine huvimeza kwa pupa bila kuvitafuna vizuri, na vinaweza kumkwama kooni hadi mate na chakula vikamtoka puani.

Kudhani kwamba atachagua mwenyewe kilicho salama pia ni kosa, kwa maana katika mchanganyiko uliosagwa hawezi kutenga jani la oleanda, kichaka cha maua chenye sumu, ambalo hubaki na sumu hata likikauka, wala nyasi iliyopuliziwa dawa ya magugu. Kuzianika nako hakuzigeuzi kuwa hei (nyasi kavu za kulishia mifugo) ya kuaminika, kwa kuwa vipande hivyo hushikamana, vikabaki na unyevu ndani na kuota ukungu.

Ukitaka kumpa nyasi mbichi, zikate ndefu kwa mundu mahali pasipo na dawa, umpe kidogo papo hapo. Za mashine zipeleke kwenye shimo la mboji. Ikiwa amekwisha kuzila, ondoa zilizobaki, kisha ukimwona anageukia ubavu wake mara kwa mara, anajipiga teke tumboni, anagaagaa au anakataa chakula, mwite daktari wa mifugo wakati huohuo.