Upatu wa wajawazito: zamu haifuati kura

Siku ya kliniki kituoni kwetu, hapa Tanga mjini, benchi la nje hujaa kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Wa Makorora wanakuja kwa miguu, wa Mwanzange kwa bajaji, wa Tongoni wamewahi daladala ya alfajiri. Mimi ni mkunga, na kazi yangu iko ndani, kwenye mzani na mashine ya presha. Miaka imenionyesha kwamba kliniki inaanza kule nje, saa mbili kabla sijaita jina la kwanza.

Siku moja nilitoka kukusanya kadi nikamkuta mama wa mimba ya kwanza akimnong'oneza mwenzake kuwa vidonge vya damu ameviweka chini ya godoro. Alivimeza siku tatu, choo kikawa cheusi, akaogopa. Mwenzake, mwenye mimba ya nne, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Shoga, hata mimi kilikuwa cheusi, na wanangu hao wanakimbia. Meza usiku ukishakula, ila usishushie na chai." Hakukosea hata neno moja. Madini ya chuma hubadilisha rangi ya choo, na chai huzuia mwili kuyafyonza. Mambo hayo hayo nilishamwambia mimi mara mbili, akaniitikia "sawa dada" mara mbili. Safari hii alimeza. Mwezi uliofuata damu yake ilikuwa imepanda kutoka 9.6 hadi 10.8. Haijafika 11 tunayoitaka, lakini imeacha kushuka.

Basi ninachotaka kusema leo ni kwamba mazungumzo ya benchi yapewe utaratibu, na utaratibu huo wanawake wa Tanga wanao tayari. Ni upatu.

Kwanza tuseme kuhusu siri. Kwetu mwambao mimba changa haitangazwi. Anaijua mume, labda na mama mzazi, wengine wataona tumbo. Kijicho kinaogopwa, na mimi sina haja ya kubishana na mtu juu ya kijicho. Tatizo ni kwamba siri hiyo inamficha mama hata kwa wakunga. Anakuja mara ya kwanza mimba ina miezi mitano, wakati tungependa tumwone kabla ya wiki ya 12. Dawa ya kuzuia malaria, ile SP, inaanza kutolewa kuanzia wiki ya 13, na anatakiwa apate angalau dozi 3 zinazopishana mwezi mmoja mmoja. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio 8 badala ya yale 4 ya zamani, nayo hayatimii ukianza mwezi wa tano. Mtaa usijue, sawa. Ila awepo mwanamke mmoja, rafiki au wifi, anayejua tangu mwanzo na atakayekuuliza, "Kliniki umeenda?"

Kusaidiana huku kumepimwa kitaalamu. Katika wilaya ya Makwanpur, milimani kule Nepal, watafiti waliunda vikundi vya wanawake vilivyokutana kila mwezi. Aliyeongoza mazungumzo hakuwa daktari wala nesi, alikuwa mwanamke wa pale pale. Wakazungumza matatizo yao ya uzazi, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: wengine walichanga fedha, wengine walitengeneza machela ya kubebea wagonjwa. Matokeo yalichapishwa 2004, na vifo vya watoto wachanga katika maeneo yenye vikundi vilikuwa pungufu kwa asilimia 30. Niliposoma habari ile nilijiuliza, hivi sisi tunangoja mradi gani? Kuchanga tunajua tangu enzi za bibi zetu.

Hata hivyo upatu wa kawaida una kasoro moja kwa mjamzito: zamu hupangwa kwa kura au kwa kuelewana, na tumbo halisubiri zamu. Vikundi nilivyoviona vikifanya vizuri vimebadilisha hapo tu. Zamu inafuata tarehe ya makadirio, mwenye tumbo la mbele anapokea mbele. Tarehe yenyewe haina uganga. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Machi atatarajia tarehe 17 Desemba. Wachache sana hujifungua siku hiyo hiyo, kwa hiyo fedha zimfikie walau wiki nne kabla.

Tuchukue wanawake 10, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa wiki. Hizo ni 20,000. Kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, atenge 500 ya kila mmoja iwe mfuko wa dharura, anayepokea apate 15,000, na 5,000 ilale. Baada ya wiki 12 mfuko una 60,000 ambazo hazina zamu. Mwenye shida usiku wa manane anazipata bila kuuliza ni wiki ya nani. Kijumbe mmoja wa Ngamiani aliniuliza swali ambalo mimi nisingeliwaza: aliyepokea mwanzo akishajifungua akaingia arobaini, nani atamfuata alipe? Jibu lao ni zuri. Kila mmoja anakuja na mdhamini asiye na mimba, dada au mavyaa, na jina la mdhamini linaandikwa daftarini pembeni ya lake.

Mdhamini huyo ana kazi nyingine kubwa zaidi ya fedha. Ucheleweshaji unaoua wajawazito tunaugawa mafungu matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. La tatu ni letu sisi wahudumu, na sitalikwepa. Wapo kati yetu wenye ndimi kali, na mama akitukanwa leo kesho hatarudi. Mawili ya kwanza yako nyumbani. Mume yuko dago, amefuata samaki, simu haishiki. Au kaya iko kambi ya mkonge, ndugu wote wamebaki walikotoka. Uchungu umeanza, au damu imetoka, na kila mtu anangoja mwenye neno. Swali hilo lijibiwe mapema, mbele ya mume mwenyewe kabla hajasafiri: asipopatikana, nani anasema "twende"? Usafiri nao upangwe. Dereva wa bajaji wa mtaani apewe taarifa, na namba 115 iandikwe ukutani. Ni ya M-Mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na haitozwi.

Halafu kuna damu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumuua mwanamke aliyekuwa mzima ndani ya saa chache. Wenye mimba na wanaonyonyesha hawachangii damu, kwa hiyo kikundi kiwageukie wanaume wao. Mwanaume mwenye afya, kuanzia miaka 18 na kilo 50, anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3. Nimeona daftari la kijumbe lenye ukurasa wa waume na mashemeji waliokubali, makundi yao ya damu na namba zao za simu. Ukurasa ule una thamani kuliko hesabu zote zilizoutangulia.

Jambo moja vikundi visifanye: kuonyeshana kadi za kliniki. Kadi ina majibu ya vipimo, na majibu ni siri ya mwenye kadi. Kikundi kinahitaji kujua tarehe ya makadirio, kundi la damu ikiwa mwenyewe yuko radhi, na kituo alichochagua kujifungulia. Basi. Mkisikia mtu anashinikiza "tuonyeshane, sisi si ndugu?", mkatazeni.

Na ushauri wa benchi si wote wa dhahabu. Nimesikia kwamba ukila mayai mtoto atazaliwa kipara. Huo ni uzushi, na unamnyima mama chakula cha bei nafuu chenye nguvu. Nimesikia pia mama akimpa mwenzake nusu ya vidonge vyake vya presha, kwa upendo kabisa. Dawa haigawanywi kama maandazi. Linalonitisha zaidi ni miti shamba ya kuongeza uchungu. Baadhi yake hukaza mfuko wa uzazi bila kipimo, mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Bibi anayeileta hana ubaya, anataka mjukuu wake apumzike haraka. Mwambieni kwa heshima, na mkileta mtu aliyekunywa, tuambieni ukweli. Hatutamfukuza.

Kila mwanakikundi azijue kwa moyo dalili za hatari: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Dalili moja inatosha kuondoka nyumbani. Hakuna cha kungoja asubuhi.

Siku yenyewe, nani amsindikize? Msimtume mwenye mimba ya miezi minane akakeshe kwenye kiti cha mbao. Aende aliyekwisha jifungua na akapata nguvu, au yule mdhamini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Uchambuzi wa tafiti 26, zenye wanawake zaidi ya 15,000, ulionyesha kwamba walioshikwa mkono muda wote walijifungua kawaida kwa wingi zaidi na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Wodi nyingine zimebanana, hakuna hata pazia, msindikizaji akaambiwa abaki nje. Ulizeni mapema kituoni kwenu, kabla hamjafika na mabegi.

Nchini kwetu hali imebadilika sana. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Wakunga tunaujua uzito wa hao 104 wanaobaki. Wengine wao hufariki baada ya kujifungua, wakati kila mtu ameshapiga vigelegele. Ndiyo maana tunataka mama na mtoto waonekane ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Na ndiyo maana daftari lisifungwe mtoto akilia.

Mwaka jana kijumbe wa kikundi kimoja alinijia na sura nzito. Mwenzao alikuwa amempoteza mtoto wakati wa kujifungua, na zamu yake ya kupokea ilikuwa bado. Wengine walitaka jina lake likatwe, wakidhani kumpelekea fedha za uzazi ni kumtonesha. Nikamwambia, muulizeni mwenyewe. Wakaenda siku ya saba, watatu, na doti ya kanga. Walimkuta amelala chumbani, dirisha limefungwa, kitambaa amejifunga kichwani. Mavyaa akasema ni majonzi tu, mwacheni. Mmoja wao akamuuliza kama macho yanaona vizuri, akajibu kuna vitu vinameremeta tangu jana. Wakapiga 115 pale pale. Nilipompima presha ilikuwa 170 kwa 110, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mama akishajifungua.

Alikaa wodini siku nne. Siku ya tatu kijumbe alikuja na daftari lake kwapani, akamhesabia 15,000 zake juu ya shuka. Yeye akatoa 2,000 ya wiki ile, akamrudishia.