Sigara haikumpa Bonnie Tyler sauti ile

Akitokea mtu mwingine tena kusema ameanza kuvuta sigara "ili sauti ipate mkwaruzo kama wa Bonnie Tyler", yule mwimbaji wa roki wa "Total Eclipse of the Heart", nitampa makala hii asome. Kurudia jambo moja kila wiki nako kunachosha koo.

Dhana: Mkwaruzo ule ni wa sigara na pombe kali

Bonnie Tyler alizaliwa Gaynor Hopkins mwaka 1951 huko Skewen, karibu na Neath, kusini mwa Wales, binti wa mchimba makaa ya mawe. Aliimba vilabuni kwa miaka kadhaa kabla kampuni ya kurekodi muziki ya RCA haijamchukua. Kilabu cha usiku ni mahali pabaya kwa koo: watu wanapiga soga, hewa ni nzito, na mwimbaji asipojisikia vizuri kwenye spika yake huisukuma sauti bila kujua. Vinundu, yaani vivimbe vidogo kwenye nyuzi za sauti, huota katika mazingira ya namna hiyo. Yeye vilimwota, vikawa vibaya kiasi cha kuhitaji kisu. Baada ya upasuaji aliamriwa asitoe sauti kwa wiki sita. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akapiga ukelele. Kwa maelezo yake mwenyewe, tangu hapo sauti ikabaki na mkwaruzo. Asiyeamini asikilize "Lost in France" ya 1976, kisha "It's a Heartache" ya mwishoni mwa 1977. Mwimbaji ni yuleyule, koo si lilelile.

Tunaziita nyuzi za sauti, na jina hilo ndilo linalopotosha, maana watu hufikiria nyuzi za gitaa. Ni mikunjo miwili ndani ya zoloto, lile kasha la sauti lililo kooni, mifupi kuliko kucha ya kidole gumba cha mtu mzima au inakaribiana nayo. Chini kuna msuli, juu yake tabaka laini kama jeli, na juu kabisa ngozi nyembamba yenye unyevu. Sauti hutoka pale ngozi hiyo inapoteleza na kutetema juu ya jeli. Mwanamke akiongea kawaida, mikunjo hukutana takriban mara 200 kwa sekunde. Akipanda noti za juu za kiitikio, ni mara 400 na zaidi. Sasa mwambie apige kelele saa tatu mfululizo. Mikunjo inagongana kwa nguvu, na pigo kubwa linaangukia mahali palepale, pale theluthi ya mbele inapokutana na ya kati. Panavimba, kisha panaota sugu pande zote mbili, kama kiganja cha mtu wa jembe.

Sugu hizo ndizo vinundu. Zikigusana, mbele na nyuma yake hubaki mwanya, hewa inavuja, na cha kwanza kupotea ni noti ya juu inayoimbwa taratibu. Kwa nguvu bado utaifikia, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wako salama. Kipimo ni rahisi: asubuhi, imba "uu" kwa sauti ndogo kabisa, kama unayembembeleza mtoto, ukipanda noti moja moja. Sauti ikichelewa kuanza, ikitoka hewa tupu kwanza, au ikikatika mahali ambapo wiki iliyopita haikukatika, mikunjo imevimba. Siku hiyo usiimbe kwa nguvu, hata kama ni Jumapili na kwaya inakungoja.

Turudi kwenye upasuaji. Daktari akishakata kinundu, kidonda kinatakiwa kifunikwe na ngozi mpya inayoteleza juu ya jeli kama zamani. Ukelele mmoja katika siku za mwanzo huipondaponda kingo za kidonda. Mwili haungoji, unaziba kwa kovu, na kovu ni nyama ngumu inayoigandisha ngozi kwenye kilicho chini yake. Palipo na kovu hapatetemi sawa na pengine. Upande mmoja unachelewa, mwingine unawahi, na sikio husikia mkwaruzo.

Kwa kawaida mtu wa kovu hupoteza noti za juu, huchoka baada ya nyimbo mbili, na wengine hubaki na sauti ya upepo tu. Tyler mwenyewe alidhani kazi ya uimbaji imekwisha. Kumbe kovu lake liliacha sauti yenye nguvu na inayoshika noti. Hiyo ni bahati, sawa na mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akasimama na kujipangusa vumbi. Walioanguka wakavunjika huwasikii redioni, kwa sababu hawakurekodi tena. Huo ndio ubovu wa hesabu ya wanaosema "mbona yeye alifanikiwa".

Na sigara? Hiyo hufanya kazi nyingine kabisa. Hulijaza maji lile tabaka la jeli, mikunjo ikawa mizito, sauti ikashuka. Mwanamke akapokewa simu kwa "ndiyo, kaka". Hupati mkwaruzo mkali wenye mng'aro, unapata uzito na kikohozi, na mlango wa saratani ya zoloto umeufungua mwenyewe. Pombe nayo hupunguza uwezo wa kuhisi maumivu, hivyo unapiga kelele usizozihisi mpaka kesho yake. Watu wa kwetu hunitajia Bi Kidude, aliyevuta sigara hadi uzeeni na bado akaimba. Ni hesabu ileile ya mnazi.

Anayeutaka mkwaruzo kwa ajili ya wimbo mmoja au miwili aujenge juu ya mikunjo, siyo ndani yake. Juu kidogo ya nyuzi za kweli kuna mikunjo mingine, ile ya bandia, na waimbaji wa roki waliofundishwa vizuri huitetemesha hiyo. Anza na noti safi ya katikati, kwa nguvu ya wastani. Ongeza mguno mdogo kama wa mtu anayenyanyua ndoo ya maji, bila kubadilisha noti. Shika sekunde mbili au tatu, achia, rudi kwenye noti safi. Zoezi zima lisizidi dakika tano kwa siku. Koo likiwasha au kikohozi kikija, unakwaruza mahali pasipostahili, acha papo hapo. Ukimaliza, rudia kile kipimo cha "uu". Isipotoka safi, hakuna zoezi mpaka irudi. Na uwe na mwalimu anayekusikiliza. Video za mtandaoni hazisikii koo lako.

Dhana: Baada ya upasuaji ni lazima kunyamaza wiki sita

Zile zilikuwa amri za miaka ya 1970. Siku hizi wapasuaji wengi huagiza ukimya kamili wa siku chache hadi wiki moja, kisha sauti inarudishwa kidogo kidogo chini ya uangalizi: dakika chache za kuongea kila saa, halafu zaidi, na kuimba baadaye sana. Ngozi ikianza kutembea mapema kwa upole, hupona ikiwa nyororo zaidi. La muhimu kuliko hilo: vinundu vingi havihitaji kisu hata kidogo. Tiba ya kwanza ni kubadili namna ya kutumia sauti, na vingi hupungua ndani ya wiki au miezi kadhaa. Ukikatwa na ukarudia kupiga kelele kama zamani, vitaota tena.

Dhana: Ukikauka sauti, nong'ona

Mnong'ono wa kulazimisha huikaza zoloto, na kwa watu wengi hukausha koo zaidi. Ama nyamaza, ama ongea taratibu kwa sauti halisi, karibu na msikilizaji.

Dhana: Tangawizi, ndimu, asali, yai bichi

Unachokimeza hupita kwenye umio. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na zoloto hujifunga unapomeza. Chai ya tangawizi ikigusa nyuzi zako utajua, kwa sababu utapaliwa. Ni kinywaji kizuri, endelea kunywa, lakini hakifuti kinundu. Kinachofika kwenye nyuzi moja kwa moja ni mvuke: dakika kumi juu ya bakuli la maji ya moto, bila mafuta ya kuchua wala mkaratusi, kwa sababu hivyo hukausha. Maji ya kunywa husaidia kupitia mwilini, na huchukua saa kadhaa, hivyo chupa unayoigugumia dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani umechelewa nayo.

Dawa yangu ni mrija, na sitachoka kuitaja. Jaza maji nusu chupa, zamisha ncha ya mrija sentimita mbili au tatu, uimbe "uu" ndani yake, mapovu yatoke kwa mfululizo ulio sawa. Panda na kushuka kama king'ora. Dakika tatu hadi tano, mara tatu kwa siku, na mara moja baada ya onyesho. Shinikizo linalorudi kutoka kwenye maji huitenganisha mikunjo kidogo, ikakutana bila kugongana. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuzamisha ncha mno, ukalazimika kusukuma. La pili ni hewa kutorokea puani: bana pua, na sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inatoroka.

Dhana: Ni mwimbaji wa wimbo mmoja

Hii husemwa na wasioijua orodha. "Lost in France" ilifika nafasi ya 9 Uingereza. "It's a Heartache" ilifika ya 4 huko na ya 3 Marekani mwaka 1978. Hayo yote kabla ya "Total Eclipse of the Heart", iliyoshika namba moja Uingereza na Marekani mwaka 1983, na albamu yake ikaingia chati ya Uingereza moja kwa moja kileleni. "Holding Out for a Hero" ya 1984 ilitoka kwenye filamu, ikafika ya 2 Uingereza mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1990 soko lake lilihamia bara Ulaya. Albamu ya 1991, Bitterblue, ilivuma sana Norway. Mwanzoni mwa 2004 alikuwa tena namba moja Ufaransa, akiimba na Kareen Antonn toleo la lugha mbili la wimbo wake wa 1983. Na "The Best", ambao kila mtu anaujua kwa sauti ya Tina Turner, Tyler aliurekodi mwaka mmoja kabla, 1988.

Dhana: Katika "Total Eclipse" ni yeye anayeimba kila kitu

Ile sauti ya juu, safi, inayomwita ageuke kwa kuimba "turn around", ni ya mwanamume, Rory Dodd. Wanaouimba wimbo huu kwenye karaoke hawalijui hilo, nao huumia. Jim Steinman, mtunzi na mtayarishaji wake, alizigawa kazi: noti za juu zisizo na doa alimpa Dodd, ubeti wa chini unaokaribia kuwa maongezi na kilele cha kupasua alimwachia Tyler. Sauti yenye kovu haielei vizuri juu na taratibu kwa wakati mmoja, na wimbo haumwombi Tyler hivyo mahali popote. Unamwanzisha chini, piano ya Roy Bittan ikimbeba, kisha unapanda pamoja na nguvu yake.

Ukitaka kuuimba, tafuta mtu wa pili wa sehemu ya Dodd. Shusha ufunguo nusu toni mbili au tatu kama kile kipimo cha "uu" kinakukatikia mapema. Ubeti wa kwanza uimbe kwa theluthi ya nguvu, kiitikio cha kwanza kwa nusu, na kilichobaki uwekee mwisho. Toleo la albamu linakaribia dakika saba. Anayemaliza nguvu kwenye kiitikio cha kwanza hukaza shingo kwenye cha pili, kidevu kinanyanyuka, na cha tatu anakipiga kelele.

Dhana: Alijiaibisha Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, akaisha

Malmö, 2013, akiwa na miaka 61, aliiwakilisha Uingereza akamaliza wa 19 kwa pointi 23. Si matokeo ya kujivunia. Lakini Agosti 2017, jua lilipopatwa Marekani, alikuwa kwenye meli ya kitalii akiimba "Total Eclipse of the Heart". Alitoa albamu mpya mwaka 2019 na nyingine 2021, na mwaka 2022 akatajwa kwenye orodha ya MBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Kovu lilikuwa na miaka zaidi ya 40.