Kipindi cha mazoea kwa mtoto wa mbwa ni nini?

Kipindi cha mazoea ni wiki chache za utotoni ambazo mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nani wa kuogopwa. Huanza akiwa na wiki 3 hivi, macho yakiwa yameshafunguka na masikio yameanza kusikia, na hufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Watu, mbwa wengine, mbuzi, kelele za watoto, mlio wa bodaboda: alivyokutana navyo kwa amani ndani ya muda huo huviona ni vya kawaida maisha yake yote. Asivyovijua huvishtukia, na kumtoa hofu hiyo ukubwani ni kazi ndefu.

Jambo hili lilishafanyiwa majaribio. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, walitangaza matokeo ya watoto wa mbwa waliolelewa na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, bila kuonana na watu. Baadhi yao walitolewa wakakaa na watu kwa wiki moja, kila kundi kwa umri wake, kisha wakarudishwa. Kundi moja liliachwa humo mpaka wiki ya 14. Hao waliochelewa waliwakimbia watu, na hofu yao haikuondoka kirahisi hata waliposhughulikiwa baadaye.

Nalileta hili Mwanza kwa sababu wengi wetu tunafuga kwa ajili ya ulinzi. Mtoto wa mbwa analetwa nyumbani akiwa na wiki 5 au 6, anafungiwa bandani, mchana kutwa haoni mtu ila yule anayemletea ugali na mabaki ya sangara. Mwenye nyumba anaamini kwamba akizoea watu atakuwa mpole, wezi wataingia. Imani hii naipinga kwa nguvu zote. Mbwa aliyefungiwa hivyo huuma kwa woga, na woga hauchagui: mwizi, jirani aliyekuja kuomba chumvi, shangazi aliyevuka na kivuko kutoka Sengerema, wote kwake ni wale wale. Walio hatarini zaidi ni watoto, maana hukimbia na kupiga kelele ghafla, na nyuso zao ziko karibu na mdomo wa mbwa. Mbwa aliyezoeshwa vizuri bado atabweka usiku akisikia hatua za mgeni. Tabia ya kulinda eneo lake hujitokeza akipevuka, haihitaji kujengwa kwa mnyororo.

Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi biashara ya dagaa ikiwa imechangamka. Mbwa wanapita katikati ya wachukuzi, mikokoteni na kina mama wenye ndoo, wala hawashtuki. Wengi walizaliwa pale pale, wakaanza kunusa na kurukwa na watu wa kila aina wakiwa bado wananyonya. Kwa afya wana taabu zao, minyoo na upele, lakini kwa mazoea wamekulia mahali pazuri kuliko mbwa wengi walioko nyuma ya mageti yenye kibao cha MBWA MKALI.

Kwa mbwa wenzake, walimu wa kwanza ni mama na ndugu wa tumbo moja. Wakiwa wanacheza, aliyeng'atwa kwa nguvu hulia na mchezo hukatika. Aliyeng'ata hujifunza kulegeza taya. Ndiyo sababu nasisitiza asitolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Hapo pia hujifunza adabu za kukutana: kumwendea mwenzake kwa upande badala ya uso kwa uso, kunusana chini ya mkia, kulaza kifua chini na kuinua makalio anapoalika mchezo, kugeuza kichwa au kujilamba pua kuonyesha kwamba hataki ugomvi. Mkia nao unasomwa pamoja na mwili. Ukipepea kwa ulegevu na kiuno kikicheza, kwa kawaida amefurahi. Ukisimama wima, mkakamavu, ukitetemeka haraka haraka, usimsogelee.

Kumzoesha hakuna maana ya kumburuta hadi katikati ya Soko Kuu mpaka atetemeke. Hapo unamfundisha hofu. Mikutano iwe mifupi, awe na nafasi ya kurudi nyuma, na kila mgeni ampe dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi. Mtafutie watu wa sura mbalimbali: mwenye kanzu, mwenye kofia pana, mzee wa mkongojo, mvuvi aliyevaa koti la mvua. Kama chanjo hazijakamilika usimwache chini mahali wapitapo mbwa wengi, kwa sababu ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa upesi. Mbebe kwenye kapu, kaeni dakika chache karibu na stendi ya Nyegezi, asikilize na kutazama.

Mshike masikio, kucha na midomo kila siku. Mbwa asiyeshikika huikosa chanjo ya kichaa cha mbwa siku wataalamu wa mifugo wanapofika mtaani, na ili ugonjwa huo ukome eneo fulani, walau asilimia 70 ya mbwa wake wanatakiwa wawe wamechanjwa.

Aliyeshavuka umri huo anaweza kusaidiwa, ila taratibu. Anza kwa umbali ambao anamwona mgeni bila kunguruma, mpe dagaa, mgeni aondoke. Rudia kwa siku nyingi kabla ya kupunguza hatua chache. Akikataa kula, mko karibu mno: rudini nyuma.