Enzaimu ipo juu ya faji, sawa, lakini inafanya kazi?

Wadogo zangu wa Tanga mnaosoma sayansi mmeniuliza sana kuhusu kubandika enzaimu za bakteria kwenye faji, basi leo tukae nayo. Faji ni virusi anayeshambulia bakteria, na huyu M13 anaingia ndani ya bakteria anayeitwa E. coli, mrefu mwembamba kama uzi wa mkonge, nanomita kama 900 kwa 6 au 7 hivi, na ncha yake moja ina kopi tano za protini inaitwa p3. Mwaka 1985 George Smith wa Marekani alionyesha kwamba ukichomeka jeni ngeni ndani ya jeni ya p3, protini yake inatokeza nje na DNA yake inabaki ndani ya faji huyohuyo, kazi iliyompa Nobel 2018. Utamu uko hapo, mana ukimnasa faji kwa kazi ya enzaimu yake, jeni umeipata palepale.

Sasa p3 kabla ya kuingia kwenye faji inavuka kwanza utando wa ndani wa bakteria, na enzaimu yako inavushwa nayo ikiwa haijajikunja, inakuja kujikunjia huko kati ya tando mbili. Ndo mana mimi nasema anza na enzaimu zilizozoea kuishi hapo, alkalini fosfatesi au beta-laktamesi, zile za ndani ya seli nyingi zinajikunja vibaya.

Afu usishangilie rangi haraka jamani! Fosfatesi inageuza pNPP, kemikali isiyo na rangi, kuwa njano, ila E. coli mwenyewe anayo fosfatesi yake, kwaiyo tumia aina ya E. coli iliyofutwa jeni hiyo. Beta-laktamesi ndo mtego zaidi, plasmidi nyingi, vile vipete vya DNA tunavyotumia kubebea jeni, zinabeba jeni ya kuhimili dawa ya ampisilini, yaani beta-laktamesi yenyewe, inavuja kwenye mchuzi wa kukuzia bakteria na naitrosefini, kemikali ya kuipimia, inakuwa nyekundu hata kama faji hana kitu, weka jeni ya kuhimili kloramfenikoli, dawa nyingine, badala yake. Fanya faji washikane watulie chini kwa PEG (polima inayoyeyuka kwenye maji) na chumvi, zungusha kwenye sentrifuji, pima mashapo meupe na maji ya juu kila kimoja peke yake, na faji asiye na enzaimu apitie njia hiyohiyo.

Ukiridhika ndo unaanza kuchagua. Kuna kemikali zinazojifunga kwenye enzaimu pale tu inapozifanyia kazi, unaziunganisha na bayotini kwa kiungo kinachoweza kukatwa, afu shanga za sumaku zenye streptavidini, protini inayoing'ang'ania bayotini, zinavuta faji wenye enzaimu hai, wengine unawaosha, afu unakata kile kiungo na kuwarudisha walionaswa kwenye E. coli wazaane.